Pima Kabla Hujaokota

Asubuhi ya siku ile pasi ilikuwa moja na mashati mawili. Mwenye pasi alinyoosha shati la mumewe akalitundika kwenye kitasa cha mlango wa chumbani, akanyoosha na la kaka yake akalitundika kwenye mlango wa jikoni, kola kwa kola, mkono kwa mkono, asije mmoja wao akajiona mtoto wa kambo. Kisha akachomoa waya ukutani, akawatangazia kwamba yeye uwanjani hakanyagi. Mume ni wake na kaka ni wake. Ampigie nani makofi?

Wanaume wawili walikunywa chai meza moja, mmoja akimsogezea mwenzake sukari kwa adabu ambayo haikuwahi kuonekana ndani ya nyumba ile. Kwa kawaida walinyang'anyana kijiko. Adabu hiyo ilimtisha yule mwanamke kuliko ugomvi, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Wote wawili walikuwa walimu wa gofu katika klabu moja. Mwalimu mkuu alikuwa amestaafu, na kamati ikatamka kwamba kuanzia mwezi unaofuata klabu itabaki na mwalimu mmoja tu. Nani? Hapo wanakamati wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa na maoni yake na hakuna aliyetaka lawama, hivyo wakaangukia njia ya watu waoga: wawili hao wacheze. Mashimo kumi na manane, mchana kweupe, mbele ya wanachama. Atakayeshinda atabaki na kazi, na atakayeshindwa atafungasha fimbo zake. Wakajipongeza kwa busara hiyo, wakaagiza chai.

Kaka mtu walizoea kumwita Rula, na jina lilimkaa. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na kila kitu kwake kilikuwa cha kupimwa. Mfuko wa shati lake haukukosa kijitabu cha kanuni. Mke hakuwa naye; alikuwa na mpango wa kuoa, ila mpango huo ulikuwa unazeeka pamoja naye. Aliishi chumba cha uani kwa mdogo wake huyo mwenye pasi, akila kwake, akifuliwa kwake, na kazi nyingine zaidi ya gofu hakuijua. Akiondolewa pale klabuni, hakujua ataamka asubuhi aende wapi.

Shemeji yake walimwita Kimbunga, kwa sababu ya mkono wake. Akiupiga mpira, watu hukinga macho kwa viganja kuutafuta angani. Na huyu Kimbunga ni Rula mwenyewe aliyemleta. Alimkuta akikata majani uwanjani kwa kibarua, akamfundisha kushika fimbo, akamsimamia mpaka akapata cheti cha ualimu, na siku moja akamkaribisha nyumbani kwa chakula cha mchana. Mgeni alikula, akashukuru, akarudi wiki iliyofuata, na ya tatu yake. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba chakula hakikuwa ndicho kinachomrudisha. Rula alicheza ngoma harusini kwa furaha ya kweli. Hilo asinyimwe.

Kilichomtia kijiba cha roho kilikuja baadaye. Wanafunzi wa Rula walijifunza vizuri. Wanafunzi wa Kimbunga walijifunza vizuri huku wanacheka. Watoto waliokuja darasani Jumamosi walimpita Rula kama wanaopita nguzo ya taa, wakamkimbilia Kimbunga wakamning'inia mikononi. Hata mtoto wa mdogo wake, binti wa miaka minne, alimwamkia mjomba wake vizuri tu, kisha akamkimbilia baba. Rula aliona, akameza. Mtu akimeza kwa miaka mingi, tumbo hujaa.

Basi wakaenda. Walitoka nyumbani pamoja, kila mmoja na mfuko wake wa fimbo begani, wakatembea mpaka langoni.

Mwamuzi alikuwa daktari wa meno, mwanamama mwanachama wa klabu aliyezisomea kanuni mpaka akafaulu mitihani yake. Alikuwa na sauti ya upole sana, ile ile anayokuambia nayo kwamba jino halina budi kung'oka. Aliwaita wachezaji, akawaeleza wasiojua miongoni mwa watazamaji namna mchezo utakavyohesabiwa. Kila shimo ni vita yake. Atakayeutia mpira shimoni kwa mapigo machache ndiye mshindi wa shimo hilo, na mwisho wa yote ataangaliwa nani amebeba mashimo mengi.

Mashimo kumi ya mwanzo yalikwenda jino kwa jino. Kimbunga alikuwa anapiga mbali, Rula anapiga sawa. Kimbunga akishinda moja kwa nguvu, Rula anarudisha kwa utulivu. Watazamaji waliwafuata kwa nyuma, wakinong'ona, na kila mmoja akijifanya hana upande. Mpaka wakafika shimo la kumi na moja.

Hapo bomba la maji lilikuwa limepasuka majuzi. Mafundi wakachimba, wakatengeneza, wakafukia juujuu, na mtunza uwanja akazungushia mahali pote palipovurugika mstari wa rangi nyeupe. Mpira wa Kimbunga ukaenda kuangukia katikati ya hayo matope.

Gofu ni mchezo usio na huruma. Mpira huchezwa pale pale ulipolala, hata ukilala kwenye shimo la panya. Ila una huruma mahali pawili. Kwanza ni kwenye ardhi iliyoharibika ikazungushiwa mstari. Pili ni kwenye kitu kilichojengwa kisichong'oka, kama njia ya saruji. Hapo mchezaji hupewa nafuu ya bure, bila pigo la adhabu: hutafuta mahali pa karibu zaidi ambapo usumbufu umekwisha, pasiwe mbele kuelekea shimo, hupima urefu wa fimbo moja, huuangusha mpira kutoka usawa wa goti, kisha hucheza. Lakini huruma hiyo ina meno. Usumbufu uwe umekwisha kabisa, wa mpira na wa miguu pia. Na panapotafutwa ni mahali pa karibu, wala si mahali pazuri.

Kimbunga aliokota, akapima, akaangusha. Mpira ukatulia kwenye majani mazuri nje ya mstari. Akajipanga kupiga. Rula alikuwa amesimama ubavuni mwake, na macho yake yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye kiatu cha kulia cha shemeji yake. Kisigino kilikuwa juu ya rangi nyeupe. Mstari wenyewe ni sehemu ya ardhi mbovu. Aliyekanyaga mstari bado yumo ndani, hajamaliza nafuu yake.

Mwamuzi alikuwa mbali kidogo, amezibwa na watu. Rula angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, kisigino. Alinyamaza. Kimbunga akapiga, pigo tamu, mpira ukaenda kutua karibu na shimo, watu wakashangilia. Ndipo Rula akainua mkono na kumwita mwamuzi.

Daktari alikuja, akatazama alama za viatu kwenye rangi mbichi, akamuuliza Kimbunga kama miguu yake ilikuwa hapo. Kimbunga hakuwa mwongo, akasema ndiyo. Basi daktari akamweleza kwa ile sauti yake kwamba amecheza kutoka mahali pasipo pake, na shimo hilo limekwenda kwa mwenzake.

Kelele zilipotulia, Kimbunga alimsogelea Rula. Hakuwa amekasirika bado, alikuwa anashangaa.

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona, shemeji."

"Na ukanyamaza."

"Kanuni hainilazimishi kusema."

Kimbunga akatikisa kichwa polepole. "Sawa. Lakini nikikosea tena, sema. Mimi ningekwambia."

Na hilo ndilo lililomchoma Rula, kwa sababu lilikuwa kweli. Kimbunga angemwambia. Angemwambia huku akicheka, amshike bega amsogeze, kisha angeshindwa shimo na asijute. Rula alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake, na badala ya kumlainisha likamzidishia hasira. Mtu mwema ni mzigo mzito kuwa naye nyumba moja.

Kuanzia hapo Kimbunga alibadilika. Mzaha ulimtoka. Alipiga akiwa ameuma meno, hakusemeshana na mtu, na mipira yake ilikuwa inaondoka na mlio. Alirudisha shimo alilonyang'anywa, akapoteza moja, akalirudisha nalo. Watazamaji wakaacha kunong'ona. Walipofika shimo la kumi na nane, la mwisho, hakuna aliyemzidi mwenzake. Kazi, mshahara, chumba cha uani, karo ya mtoto, heshima ya mwanamume mbele ya mkewe, vyote vilikuwa vimebanwa kwenye kipande hicho cha majani.

Shimo la mwisho liko hivi. Unapiga kuelekea jengo la klabu. Upande wa kulia majani ni mapana, mazuri, hayana tatizo. Upande wa kushoto kuna njia ya saruji ya vigari vya wachezaji, na kushoto kwa njia hiyo, bila hata nafasi ya kuweka kikapu, kuna ua mnene wa michongoma uliopandwa zamani kuzuia mbuzi. Mbuzi wamekwisha, michongoma imebaki, na mpira ukiingia humo hautoki.

Rula alianza, akaupeleka katikati, salama, si mbali sana. Kimbunga akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ulikwenda mbali kuliko wa Rula, ukajikunja kushoto, ukadunda, ukagonga saruji, ukadunda tena, watu wakashika vichwa. Kisha ukatulia juu ya njia. Haukuingia michongomani.

Watazamaji wakashusha pumzi. Bahati iliyoje, walisema. Ni njia ya saruji, atapata nafuu ya bure, ataangusha kwenye majani mazuri, atapiga kama kawaida. Kimbunga naye alitembea kuelekea mpira wake akiwa amelegeza mabega kwa mara ya kwanza tangu shimo la kumi na moja. Zamu ya kupiga ilikuwa ya Rula, aliyekuwa mbali zaidi na shimo. Rula akajipanga, akapiga haraka, bila ya zile pima-pima zake, mpira ukaenda kutua kwenye grini, zile nyasi zilizonyolewa kama zulia kuzunguka shimo. Ulikuwa mbali na shimo lenyewe, lakini ulikuwa ndani. Kisha naye akatembea mbele, akasimama upande wa pili wa majani, akatazama kule kwenye njia ya saruji.

Aliuona mtego kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mpira ulikuwa umelala karibu na katikati ya njia, kidogo upande wa kulia, upande wa majani mazuri. Jicho la mtu yeyote lingesema kulia ndiko karibu. Lakini jicho huutazama mpira na kusahau miguu. Kimbunga hushika fimbo kwa mkono wa kulia. Apigapo kuelekea jengo la klabu, miguu yake husimama kushoto kwa mpira. Akitaka nafuu kwa kulia, haitoshi mpira peke yake kutoka kwenye saruji. Miguu nayo lazima itoke, na miguu iko nyuma ya mpira, kwa hiyo mpira utalazimika kusogea mbali ndani ya majani. Akitafuta kushoto, mpira ukishavuka tu ukingo wa saruji, miguu tayari imeshatoka. Kushoto ndiko karibu. Na kushoto ni michongoma.

Nafuu si amri. Mchezaji anaweza kuikataa, akaupiga mpira hapo hapo kwenye saruji, na Kimbunga ana mkono wa kufanya hivyo. Mara ngapi Rula amemwona uani akipiga mipira juu ya sakafu kwa mzaha, binti akimhesabia. Ila aamue kabla ya kuuokota. Akishauokota, ama aangushe miibani, ama aurudishe pale pale na kubeba pigo la adhabu. Mkono ukigusa tu, huruma imekwisha.

Daktari wa meno alikuwa bado anakuja, amechelewa nyuma akiwazuia watazamaji wasikanyage grini. Kimbunga alikwisha kufika. Aliuweka mfuko chini, akautazama mpira, akayatazama majani ya kulia, akatabasamu. Akaanza kuinama.

Rula afanye nini? Anyamaze? Alishanyamaza mara moja, na watu walimtazama jinsi walivyomtazama. Na aliambiwa wazi, nikikosea tena, sema. Avuke basi, aende pale, amguse bega? Hatua hazikuwa nyingi. Au aseme kutoka hapo alipo?

Kimbunga ni mtu wa kuambiwa taratibu. Ukimbembeleza anakupa shati lake; ukimwamuru anywe maji, atakufa na kiu ukimwangalia. Mke wake anajua, mtoto anajua, na Rula aliyekula naye meza moja miaka yote ile anajua vilevile.

"Pima kabla hujaokota," Rula alisema kutoka ng'ambo ya majani, kwa sauti ya darasani, ile anayowaambia nayo watoto waliochelewa. "Au unataka kufundishwa mara mbili kwa siku moja?"

Watu wakacheka. Hawakucheka sana; walicheka jinsi watu wanavyocheka wakiwa na wasiwasi na mtu akawapa sababu. Lakini kicheko kilifika kule kwenye saruji.

Kimbunga alisimama hivyo hivyo ameinama nusu. Akageuza shingo, akamtazama shemeji yake. Hata kwa umbali ule Rula aliona uso ukijifunga. Ilikuwa wazi anawaza nini: yule aliyenyamaza kwenye kisigino sasa amekuwa mwema? Anataka nipige juu ya saruji nivunje fimbo. Anataka kunitia woga mbele za watu. Hakuondoa macho kwa Rula. Akanyoosha mkono chini, bila hata kutazama, akauokota mpira.

Rula alihisi kitu kikimshuka kutoka kifuani hadi miguuni. Hakutaka kukiuliza jina lake.

Daktari akafika, akauliza mahali pa nafuu kama ameshapatafuta. Kimbunga akanyoosha kidole kwenye majani. Daktari akamwomba asimame kama anayetaka kupiga, miguu yote miwili nje ya saruji, upande wa kulia. Akasimama. Akamwomba asimame hivyo hivyo upande wa kushoto, na hapo ikabidi Kimbunga aingize mgongo michongomani. Shati lile lililonyooshwa asubuhi lilinasa, likachanika begani. Daktari akapima kwa fimbo huku, akapima kule. Akarudia.

"Pole sana," alisema. "Karibu ni kushoto."

"Basi sitaki nafuu. Nitapiga hapa hapa."

"Unaweza. Lakini umeshaokota, mwalimu. Nitakuongezea pigo moja."

Kimbunga aliutazama mpira kiganjani mwake kama kitu alichopewa na mtu mwingine. Akapiga magoti, akaurudisha juu ya saruji pale ulipokuwa. Alipoinuka hakumtazama Rula. Hakumtazama mtu. Alichagua fimbo, akasimama juu ya njia, viatu vyake vikikwaruza, akapiga.

Wanachama wa klabu ile wanalizungumzia pigo hilo mpaka leo. Chuma kiligusa saruji kikatoa cheche, na mpira ukaondoka safi, ukapanda, ukashuka kwenye grini, ukatulia umbali ule ule na wa Rula, ng'ambo ya shimo. Watu walipiga makofi mpaka daktari akawanyamazisha. Rula naye alipiga makofi.

Yaliyobaki yalikuwa hesabu tu. Rula aliusukuma wake mpaka hatua moja kutoka shimoni, kisha akauingiza: manne. Kimbunga alikuwa ameshatumia matatu, moja kati yake likiwa lile la adhabu. Asingeokota, angekuwa na mawili, na mapigo mawili ya kusukuma yangemtosha kumfikia mwenzake waende shimo la ziada. Sasa alikuwa na nafasi moja. Alichuchumaa, akaisoma njia ya mpira, akainuka, akasukuma. Mpira ulikwenda vizuri, ukafika mdomoni mwa shimo, ukazunguka ukingo, ukasimama nje.

Alivua kofia, akaja na mkono umenyooshwa. "Hongera, shemeji," alisema, na haikuwa kejeli. Rula angependa iwe kejeli. Wanakamati walikuja na tabasamu zao, wakampa mkono, wakampa funguo za ofisi ya mwalimu mkuu, mmoja akasema umeona, alimwonya kabisa, mchezo wa kiungwana huo. Rula akaitikia. Ni kweli, alisema, nilimwambia. Aliwaambia na wengine waliouliza, na hata wasiouliza. Nilimwambia, ninyi nyote mmesikia. Alipoondoka klabuni alikuwa analisema peke yake njiani, bila sauti, midomo ikicheza.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Kimbunga alikuwa ametangulia. Kupitia dirisha la chumbani Rula alimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limechanika begani, binti yake akipitisha kidole kwenye tundu na kucheka. Sanduku kubwa, lile la juu ya kabati, lilikuwa limeshushwa sakafuni, na baadhi ya nguo zilikwisha kuingia. Kuna klabu katika mji mwingine iliyowahi kumtaka. Angeenda kuwauliza kama bado wanamtaka, na kama wanamtaka, basi wangehama wote.

Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, anakunja nguo za mtoto alizozianua kambani. Rula akasimama mbele yake. Funguo alikuwa nazo mkononi, hakujua azitie wapi.

"Hongera, kaka."

"Asante. Dada, mimi nilimwambia. Watu wote walisikia."

"Najua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. Amesema kaka yako aliniambia, mimi ndiye sikusikia. Tangu amefika anakutetea wewe."

Yule mwanamke akaiweka chini nguo aliyokuwa ameishika. Alikuwa na macho makavu, na hilo lilikuwa baya kuliko machozi.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia apime kwanza."

"Sikukuuliza ulimwambia nini. Niambie mimi, jinsi ulivyomwambia yeye."

Rula alilamba midomo. Alimtazama mdogo wake, ambaye yeye Rula alimlea tangu walipobaki wawili, akamfundisha kuvaa viatu, na hakuweza kumficha kitu tangu dada huyo akiwa na meno ya utoto. Alijaribu kuitafuta ile sauti ya darasani. Haikuja, au yeye hakuiruhusu. Alisikia mdomo wake ukisema, taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini:

"Shemeji, pima kabla hujaokota."

Ndani ya chumba Kimbunga aliinua kichwa, kama aliyeitwa.

"Ungemwambia hivyo," mdogo wake alisema, "asingeuokota."

Akabeba nguo za mtoto mikononi, akaingia ndani kuzipanga sandukuni.